Tumezika Mkristo, Tunarithi Kama Nani?

Kanisa letu linajua kuzika, na nasema hivyo bila kejeli. Habari ya msiba ikifika asubuhi, kabla ya saa sita mchana jumuiya imeshafika, turubai limefungwa, sufuria kubwa zimetoka stoo ya usharika, mhazini wa mtaa amefungua daftari la rambirambi. Mzee wa kanisa anajua nani aende kuleta jeneza na nani akae chumbani na mjane. Siku ya mazishi tunasoma wasifu wa marehemu: alibatizwa mwaka fulani, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, alikuwa mtoaji mwaminifu wa ahadi. Tunamshusha kaburini katikati ya migomba tukikiri ufufuo wa wafu. Tunakula, tunaomba, tunaaga.

Siku ya tatu au ya nne ukoo unakaa kikao. Mchungaji hayupo. Mzee wa kanisa, kama si mtu wa ukoo huo, anaondoka kwa adabu kabla kikao hakijafunguliwa. Kwa saa mbili hivi, watu wale wale walioimba kaburini wanaamua kibanja ni cha nani, nyumba ni ya nani, na mama aliyeishi ndani ya nyumba hiyo miaka thelathini atakaa wapi. Ukimwuliza mchungaji kesho yake imekuwaje, atajibu: "Hayo ni mambo ya ukoo."

Makala hii naiandika kupinga jibu hilo. Nalipinga kama Mkristo, kama Mlutheri, na kama mtu aliyesikia wajane wengi wakilia ofisini baada ya miezi sita, wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Wengi wetu hatujui kinachotakiwa kutokea baada ya msiba, kwa hiyo nianze na hilo. Mtu akifa, mali yake haihamii kwa mtu yeyote siku ile, wala kwa kaka yake mkubwa, wala kwa mtoto wa kwanza, wala kwa aliyeshika ufunguo wa kabati. Familia inachukua cheti cha kifo. Kisha mtu mmoja, au hata wawili, wanaomba mahakamani wateuliwe kuwa wasimamizi wa mirathi. Mahakama inatangaza ombi hilo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakimu akiridhika anatoa hati ya usimamizi, na kwa hati hiyo benki itatoa fedha za marehemu na ofisi ya ardhi itabadilisha jina. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, anarudisha hesabu mahakamani. Muhtasari wa kikao cha familia humsaidia hakimu kujua wanafamilia wanasemaje. Haumpi mtu mali.

Hayo ni mepesi. Swali zito ni hili: mali itagawanywa kwa sheria ipi?

Nchi yetu ina sheria zaidi ya moja za kurithi. Iko sheria ya Kiislamu kwa Waislamu. Ziko mila. Na iko sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea, na ambayo hadi leo ndiyo inayotumika kwa Mkristo aliyekufa bila wosia, iwapo inaonekana hakuishi kwa kufuata mila. Mtu anaweza kuchekeshwa kwamba mkulima wa kahawa wa Muleba arithiwe kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya India kabla babu wa babu yake hajamwona mmisionari. Hata mimi inanichekesha. Lakini tazama inavyosema. Mume akifa akaacha mke na watoto, mke anapata theluthi moja. Theluthi mbili zinagawanywa kwa watoto sawasawa, wa kiume na wa kike.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1963 Serikali iliandika kanuni za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na wilaya nyingi zikazipokea. Kwa kanuni hizo mrithi wa daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza, yule ambaye sisi Wahaya tunamwita omusika. Daraja la pili ni wana wengine wa kiume. Binti wako daraja la tatu, wanapata sehemu ndogo kuliko wote, na katika ardhi ya ukoo wanaruhusiwa kutumia tu. Mjane je? Ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo, mjane hana sehemu. Haki yake, kwa maana ya kanuni hiyo, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Ni zipi kati ya hizo zitamhusu ndugu yetu tuliyemzika juzi? Sheria inataka hakimu aangalie alivyoishi marehemu, pamoja na maneno na maandishi yake: je, alikusudia mambo yake yaende kwa mila, au aliiacha mila na kuishi kwa namna nyingine? Ubatizo peke yake hautoshi kujibu swali hilo, na hili Wakristo wengi hawalijui. Hakimu hakuwepo marehemu alipoishi. Anategemea watu watakaosimama mbele yake na kueleza.

Na sisi tunaeleza nini? Familia nyingi zinakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu, gharama yake ni ndogo, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Siwalaumu. Lakini Mahakama ya Mwanzo ilipewa na sheria kazi ya kusikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeishi Kikristo mahali pake ni Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali. Kwa hiyo baba mdogo anapopeleka ombi lile Mahakama ya Mwanzo, na ukoo mzima ukaitika, amekwisha kusema jambo kubwa juu ya kaka yake. Amesema: huyu aliishi kwa mila, na agawanywe kwa mila.

Basi tuna shuhuda mbili juu ya mtu mmoja. Jumamosi, mbele ya kaburi, tulishuhudia kwamba alikuwa mtu wa Kristo, mume wa mke mmoja, baba aliyewalea binti zake sawa na wanawe. Baada ya wiki tatu, mbele ya hakimu, watu wale wale wanashuhudia kinyume chake, kwa sababu ushuhuda huo wa pili una faida. Amri ya nane tuliyoikariri katika Katekisimo Ndogo inakataza kumshuhudia jirani uongo. Sijui mahali popote ambapo Luther aliandika kwamba amri hiyo inakoma jirani akishakufa.

Nitajibiwa kwamba nawashambulia wazee wangu, na kwamba mila yetu haikuwa ya kikatili. Ni kweli haikuwa ya kikatili. Omusika wa zamani alikabidhiwa watu pamoja na migomba. Kama mjane alilala njaa, aibu ilikuwa ya omusika, na kijiji kizima kilimnyooshea kidole. Lakini omusika wa leo anaishi Mwanza au Dar es Salaam. Anakuja kwa basi la usiku, anakaa siku nne, anapima kibanja kwa hatua zake, na kabla ya matanga kuondolewa ameshaongea na mnunuzi. Amechukua haki ya babu zake na ameuacha mzigo wao njiani. Mila iliyobaki na upande mmoja tu, ule unaoingiza fedha, siwezi kuiheshimu kana kwamba bado ni ile ya wazee.

Wengine wanakuja na Biblia. Wa kwanza ananifungulia Luka 12, ambapo mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, naye Yesu akakataa kuwa mwamuzi kati yao. "Unaona, Mchungaji? Bwana mwenyewe hakuingia." Naona. Sitaki mchungaji agawe migomba. Tunafundishwa kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili, kwa Injili na kwa sheria za nchi, na kazi ya kugawa mali ameipa mahakama. Lakini Yesu aliyekataa kugawa ndiye huyo huyo aliyewakemea hadharani waandishi wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:40). Hakukaa kimya. Sala ndefu, nyumba ya mjane: ukihudhuria matanga ya kutosha utajua Marko alikuwa anazungumzia watu gani.

Wa pili ananisomea 1 Timotheo 5:4, kwamba watoto wajifunze kuwalipa wazazi wao mema. Anasema hiyo ndiyo kanuni ya 1963: mama atunzwe na watoto. Hapana. Paulo anawapa watoto wajibu. Hawapi hati ya nyumba ya mama yao. Mtoto anaweza kumtunza mama vizuri kabisa akiwa ndani ya nyumba ambayo ni ya mama.

Wa tatu, huyu ni msomaji zaidi, namheshimu, ananiambia kwamba hata Torati iliweka urithi mikononi mwa wanaume. Tusome basi Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Musa hakuwaambia warudi kwenye ukoo. Alipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena haki, kisha sheria ikawekwa. Najua huyo msomaji ataniongezea sura ya 36, ambapo waliagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Ni kweli. Lakini hata hapo ardhi haikuondolewa mikononi mwao.

Hapa Kagera tunao binti wa Selofehadi wa kwetu. Mama mmoja alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaiuza, na mtoto wa ndugu yake akamshtaki kwa sababu mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua kwamba katazo hilo ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kanuni za kurithi za 1963 hazikufutwa kwa hayo. Wajane wawili Watanzania, mafundi cherehani, walizipeleka mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, lakini haikuziondoa. Shauri lao lilifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema nchi yetu ilivunja haki zao. Mafundi cherehani walitembea njia yote hiyo. Sisi wenye majoho tulikuwa wapi?

Nirudi kwa Luther, kwa kuwa tunapenda kujiita kwa jina lake. Wachache wetu wameambiwa kwamba aliandika wosia. Aliuandika Januari 1542, miaka minne kabla ya kufa kwake. Sheria ya Saxony wakati ule ilimwachia mjane kitu kidogo sana, na ilitaka yeye na watoto wake wawekwe chini ya wasimamizi wanaume. Luther alikataa. Alimwachia mkewe Katharina shamba dogo la Zulsdorf, nyumba, pamoja na vikombe na vitu vya thamani, na akataja madeni ambayo mkewe angeyalipa. Akaeleza sababu: alikuwa mke mwaminifu aliyempenda na kumzalia watoto. Na akaongeza sababu ambayo kila nikiikumbuka naiona kama imeandikwa kwa ajili ya Kagera. Hakutaka mama aangalie mikono ya watoto akisubiri kupewa. Alitaka watoto waangalie mikono ya mama yao.

Iweke sababu hiyo kando ya ile kanuni ya 1963. Zinazungumzia mjane yule yule, na zinapingana moja kwa moja.

Kuna funzo la pili katika habari hiyo, na halimpendezi sana Luther. Hakuwapenda wanasheria, akauandika wosia wake mwenyewe bila kufuata taratibu zao. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi kama mashahidi, watu wakubwa kabisa, lakini kwa sheria wosia ulikuwa na kasoro. Alipokufa mwaka 1546 ilibidi mtawala wa Saxony, Johann Friedrich, authibitishe, na hata hivyo Katharina alihangaishwa na wakubwa kuhusu watoto na mali. Wewe na mimi hatuna mtawala wa kutuokoa. Wosia wetu uandikwe sawasawa.

Hapo nakutana na washarika wengi, hasa wanaume, wanaosema kuandika wosia ni uchuro, ni kuita kifo. Maneno haya nimeyasikia kwa watu wanaosali kila Jumapili kwamba ufalme wa Mungu uje. Mkristo anayeogopa karatasi kwa sababu itakumbusha kifo amesahau alibatizwa katika kifo cha nani. Isaya alimwambia Hezekia aitengeneze nyumba yake kwa kuwa atakufa, na Hezekia akaongezewa miaka kumi na mitano. Sidai kwamba wosia unaongeza miaka. Nasema haukumwua.

Wosia wa maandishi si jambo gumu. Uandike ukiwa na akili timamu, taja mali na unayemwachia, tia sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na mashahidi hao wasiwe warithi. Kwa kanuni za mila, asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wanne. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza. Andika pia, kwa sentensi moja iliyo wazi, kwamba umeishi kama Mkristo na unataka mali yako igawanywe hivyo wala si kwa mila. Sentensi hiyo moja itamsaidia hakimu kuliko wasifu wote tutakaousoma kaburini.

Neno kwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa huenda yuko miongoni mwa wasomaji. Ndugu yangu, hujawa mrithi. Wewe ni mtumwa wa warithi kwa muda. Ukiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, una miezi minne ya kurudisha Fomu namba 5, inayoorodhesha mali, kisha Fomu namba 6, inayoonyesha ulivyogawa. Miezi minne ikipita hujarudi, mjane au mtoto yeyote mwenye haki anaweza kwenda kwa hakimu akaomba uulizwe, na hati yako inaweza kufutwa. Wapo wasimamizi wanaotoa sadaka ya shukrani kwa gari la marehemu waliloliandikisha kwa jina lao. Sadaka ya namna hiyo mchungaji airudishe, na airudishe mbele ya watu.

Na mjane asiambiwe asamehe kabla hajasikilizwa. Tumelizoesha neno hilo hadi limekuwa sehemu ya unyang'anyi. Mama anaondolewa kwenye kibanja, anakuja kanisani, tunamfariji kwa kumwambia amwachie Mungu. Mungu tunayemwachia ametangaza ole juu ya wanaotunga amri zisizo za haki ili wajane wawe mateka yao (Isaya 10:1-2). Amekwisha kutoa msimamo wake. Kusamehe ni kwa moyo wa mama, na wakati wake utafika. Kupeleka pingamizi mahakamani ni kwa ajili ya watoto wake, na wakati wake ni sasa, kabla hati haijatolewa. Anaweza kufanya yote mawili na bado akaja kwenye Meza ya Bwana. Anaweza pia kuomba usimamizi yeye mwenyewe, peke yake au pamoja na mtu wa ukoo. Hakuna sheria inayosema msimamizi lazima awe mwanamume.

Sharika zetu zinaweza kufanya nini? Mafundisho ya ndoa yawe na kipindi kimoja cha mirathi. Tunawafundisha vijana kukata keki, tuwafundishe na hili. Jumuiya iliyokesha matanga imteue mtu mmoja wa kumsindikiza mjane mahakamani kila tarehe ya shauri, akae kwenye benchi pamoja naye, hata kama hataongea neno. Mzee wa kanisa aliyemfahamu marehemu awe tayari kwenda kusema mbele ya hakimu alivyoishi, kwa kweli yote, hata kama kweli hiyo haimpendezi baba mdogo anayekaa naye benchi moja kila Jumapili.

Na ofisi zetu zifungue makabati. Kitabu cha ndoa na kitabu cha ubatizo kilichoko usharikani mara nyingi ndicho uthibitisho wa karibu alionao mama kwamba alikuwa mke, na mtoto kwamba alikuwa mtoto. Kuna ofisi ambazo mjane akifika kuomba nakala ya ukurasa wake, katibu anafungua kwanza kitabu kingine, aone kama ahadi za marehemu za mwaka ule zilimalizika. Ukurasa ule ni wake. Apewe siku hiyo hiyo, upigwe muhuri, asiulizwe bahasha.